Trauti wa Mlima Kenya, sangara wa Murchison au taigafishi wa Kilombero: uchague mto gani?

Mtu anayevua kwa fimbo na mshipi, mwenye likizo moja na fedha za safari moja, hukabiliwa na swali lile lile kila anapofungua ramani ya Afrika Mashariki. Apande kwenye mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare kumtafuta trauti? Ashuke chini ya Maporomoko ya Murchison nchini Uganda kumtafuta sangara katika Nile? Au aende Bonde la Kilombero, kusini mwa Tanzania, kumtafuta taigafishi, yule samaki mwenye meno ya kutisha ambaye ndugu zake wa Ziwa Tanganyika huitwa kibebe na wavuvi wa huko?

Wengi hulijibu swali hilo kwa kilo. Husema kwamba sangara ni mkubwa kuliko wote, kwa hiyo sangara ndiye wa kufuatwa. Jibu hilo limewaharibia watu wengi safari, kwa maana samaki mkubwa aliyemo ndani ya maji ya tope hana faida kwa mvuvi wa ndoano, na samaki aliyemo ndani ya hifadhi hana faida kwa mtu aliyefika langoni bila kibali. Ulinganisho huu umeandikwa kwa msimamo kwamba maji huchaguliwa kwanza, yaani hali ya mto katika mwezi utakaokwenda pamoja na sheria inayoutawala mto huo, ndipo samaki afuate.

Vigezo vinavyotumika

Mito yote mitatu itapimwa kwa vigezo vitano: hali ya maji na majira yake, tabia ya samaki mwenyewe, sheria na vibali, vifaa pamoja na ujuzi unaohitajika, na mwisho usalama, njia na gharama. Gharama zitatajwa kwa kulinganisha tu, kwa sababu ada za leseni na viingilio vya hifadhi hubadilishwa mara kwa mara, na tarakimu iliyo sahihi leo inaweza kumpotosha msomaji wa mwakani. Kigezo cha kwanza na cha tatu vimepewa nafasi kubwa kuliko vingine, kwa kuwa ndivyo vinavyoamua kama safari itakuwa ya uvuvi au ya kutazama mto tu.

Hali ya maji na majira

Trauti si mzaliwa wa Kenya. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905 kwa juhudi za mlowezi Mwingereza Ewart Grogan, yakapandikizwa katika Mto Gura kwenye safu ya Aberdare, na baada ya miaka michache trauti wa upinde wa mvua akaletwa kutoka Afrika Kusini. Asili hiyo ya nchi za baridi ndiyo inayoeleza kila kitu kuhusu maji yake ya leo, kwa kuwa samaki huyu anaishi karibu na ikweta kwa hisani ya mwinuko peke yake. Humfaa maji yenye joto la nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi, na yakipita nyuzi 20 huanza kutaabika, huacha kula na hatimaye hufa kwa kukosa oksijeni ya kutosha. Ndiyo maana mvuvi humpata katika sehemu za juu za mito, ndani au kando ya msitu, na kadiri mto unavyoteremka kuingia mashambani trauti hupungua, na mahali pake huchukuliwa na samaki wa maji ya joto.

Miezi mizuri kwa trauti ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba, yaani nje ya mvua za masika za Machi hadi Mei na za vuli za Oktoba hadi Desemba. Hata hivyo mito hii ni midogo na miteremko yake ni mikali, kwa hiyo mvua kubwa huichafua kwa saa chache na mara nyingi husafika tena baada ya siku moja au mbili. Faida hiyo haipatikani katika mito mikubwa. Lipo jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi: mito ya upande wa magharibi wa Mlima Kenya, kama vile Naro Moru, Burguret, Nanyuki na Liki, hupungua sana wakati wa kiangazi kwa sababu upande huo ni mkavu na maji mengi huchukuliwa kwa kilimo cha umwagiliaji. Mito ya kusini na kusini-mashariki, kama Thiba, Ragati na Nyamindi, hupata mvua nyingi zaidi na hushikilia maji yake vizuri. Anayekwenda Februari, mwishoni mwa kiangazi, angefanya vyema kuelekea upande wa kusini.

Huko Murchison hali ni tofauti kabisa. Nile nzima hubanwa katika mwanya wa mwamba wenye upana wa takriban mita saba, kisha huanguka zaidi ya mita 40, na maji yaliyo chini yake hubaki yamejaa povu na oksijeni. Sangara anahitaji oksijeni nyingi kuliko samaki wengi wa maji yasiyo na chumvi, na kwa hiyo chini ya maporomoko ni mahali panapomfaa kwa kila hali: hewa ipo, na samaki wadogo wanaochoshwa na mkondo hupita mbele ya kinywa chake. Maporomoko hayo hayo ndiyo yaliyokuwa ukuta uliomzuia asipande hadi Ziwa Kyoga na Ziwa Viktoria mpaka binadamu alipompandikiza huko katika miaka ya 1950. Hapa chini yeye ni mwenyeji wa tangu zamani, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu sangara wa Mwanza, Kisumu wala Entebbe.

Kina cha Nile hapa hakifuati sana mvua ya siku mbili tatu, bali hufuata maziwa yaliyo juu yake na namna mabwawa ya umeme yanavyoachia maji. Ziwa Viktoria lilipofikia kiwango cha juu sana mwaka 2020, mto nao ulipanda na kumeza miamba ambayo wavuvi walizoea kusimama. Kwa kawaida miezi ya ukame ya Desemba hadi Machi ndiyo inayopendwa, na wengi huongeza Juni na Julai, kwa sababu vijito vya kando haviingizi tope na nafasi za kusimama ukingoni huonekana. Mwenye kupanga safari aulize waongoza boti wa Paraa, kituo cha boti kilicho ukingoni mwa Nile chini ya maporomoko, juu ya kiwango cha maji, asitegemee kalenda ya mvua peke yake.

Kilombero ni mto wa mafuriko, na mvuvi asiyeelewa maana ya maneno hayo hatamwelewa taigafishi. Mito ya Ruhudji na Mnyera hushuka kutoka nyanda za juu za kusini, hukutana na kuuzaa Mto Kilombero, nao Kilombero huingiza sehemu kubwa ya maji ya Rufiji. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei, bonde lote huwa kama ziwa. Samaki hutawanyika katika majani yaliyofunikwa na maji, huzaliana na kula, na hakuna fimbo inayoweza kuwatafuta katika eneo kubwa namna hiyo. Maji yanapopungua, makundi ya samaki wadogo hulazimika kurudi katika mkondo mkuu, na taigafishi huwasubiri kwenye vilindi, kwenye miti iliyoanguka mtoni na kwenye mikunjo ya mto. Kwa hiyo majira yake ni mafupi na hayana mjadala: Agosti hadi Novemba, kabla mvua mpya hazijaanza. Katika miezi hiyo maji ya Mnyera na Ruhudji huwa meupe kiasi cha kumwona samaki akimfuata chambo hadi karibu na boti. Nje ya miezi hiyo safari ya Kilombero haifai, hata kama bei imepunguzwa.

Samaki mwenyewe

Trauti wa mito hii ni mdogo. Wengi huwa chini ya nusu kilo, na mwenye kilo moja ni samaki wa kusimuliwa. Thamani yake iko katika akili ya mchezo, kwa sababu huona vizuri, hushtuka kwa kivuli na kwa kishindo cha mguu ukingoni, na hula wadudu wanaoelea au wanaobingirika chini ya maji kwa uchaguzi mkali. Mvuvi hujifunza kutembea kwa hadhari, kutupa mshipi juu ya kijito chenye upana wa hatua chache huku matawi yamemzunguka, na kusoma mahali mkondo wa kasi unapokutana na maji yaliyotulia.

Sangara anafika urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200 kwa mujibu wa vitabu vya samaki, na rekodi ya dunia ya samaki huyo kwa fimbo, iliyowekwa mwaka 2000 katika Ziwa Nasser nchini Misri, ni zaidi ya kilo 104. Huko Murchison hakuna wa kukuahidi samaki wa namna hiyo, lakini ni miongoni mwa mahali pachache duniani ambapo mtu aliyesimama juu ya mwamba anaweza kukutana naye. Uvuvi wake ni wa subira. Saa nyingi hupita bila dalili, hasa jua linapokuwa kali, kisha wakati wa alfajiri au magharibi mshipi huvutwa kwa uzito ambao mara ya kwanza hudhaniwa kuwa ndoano imekwama kwenye mwamba. Akiibuka hutikisa kichwa akiwa ameacha kinywa wazi, na mara nyingi ndipo ndoano inapochomoka.

Taigafishi hana subira hiyo. Hushambulia mchana kweupe, kwa kasi, na kwa meno yanayoingiliana kama mtego. Uwezo wake wa kuwinda si hadithi za kambini, maana mwaka 2014 watafiti nchini Afrika Kusini walichapisha ushahidi wa picha za video unaoonyesha jamii ya taigafishi wakiwadaka mbayuwayu wanaoruka juu ya maji. Katika mfumo wa Rufiji wapo taigafishi wa aina zaidi ya moja, mmojawapo akiwa yule aliyepewa jina la kisayansi linalotokana na Tanzania yenyewe, Hydrocynus tanzaniae, ambaye hapatikani nje ya mito michache ya mashariki mwa nchi hiyo. Taigafishi wa kilo tano katika Mnyera na Ruhudji hamshangazi mtu, na wanaofikia kilo tisa au kumi hupatikana, jambo linaloyafanya maji haya yajulikane mbali. Asichanganywe na mbenga wa Mto Kongo na Lualaba, ndugu yake mkubwa anayeweza kupita kilo 50, ambaye anahitaji safari ya aina nyingine kabisa.

Atakayemfuata taigafishi ajiandae kupoteza wengi. Taya zake ni mfupa mtupu, ndoano haipati pa kushika, na anaporuka juu ya maji huitema. Kwa uzoefu wa wanaomvua, kati ya mara nyingi anazoshambulia ni chache tu zinazomfikisha kwenye boti.

Sheria na vibali

Sheria ndiyo inayotofautisha mito hii kuliko msomaji anavyoweza kudhani, na pia ndiyo inayowalinda samaki hawa wasigeuke kuwa habari za zamani. Katika nchi zote tatu sumu, baruti na umeme vimepigwa marufuku mtoni, na mgeni anayeona mambo hayo yakifanyika asipige picha na kunyamaza, bali atoe taarifa kwa ofisi ya uvuvi au kwa askari wa wanyamapori walio karibu.

Nchini Kenya uvuvi husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na leseni ya uvuvi wa burudani hutolewa na Huduma ya Uvuvi ya Kenya. Leseni hiyo haitoshi peke yake. Mto unaopita ndani ya hifadhi ya taifa, kwa mfano Chania au Gura ya juu huko Aberdare, unahitaji pia kiingilio cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na ulio katika msitu wa serikali uko chini ya Huduma ya Misitu. Kuna sehemu za mito zilizo chini ya vilabu na kambi za uvuvi ambazo zina taratibu zake. Desturi ya tangu zamani katika maji ya trauti ni fimbo na nzi bandia pekee, yaani ndoano iliyofungwa manyoya au nyuzi ifanane na mdudu, bila minyoo wala chambo hai, na kikomo cha idadi na urefu wa samaki wa kuchukua husomwa pamoja na leseni kabla ya kuteremka mtoni. Sharti la nzi bandia lina sababu, kwa kuwa trauti aliyemeza mnyoo huwa ameimeza ndoano hadi tumboni, na kumrudisha majini baada ya hapo ni kumpeleka kufa. Samaki wengine katika mito hii ni wa kupandikizwa kutoka kituo cha kutotolesha cha Kiganjo, Nyeri, kilichoanzishwa mwaka 1948, kwa hiyo ada anayolipa mvuvi inahusiana moja kwa moja na samaki atakaowakuta mwakani.

Uganda ina utaratibu ulio rahisi kueleweka kuliko wa wenzake. Maji yaliyo chini ya maporomoko yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, na mwenye mamlaka ni Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Mvuvi hulipa kiingilio cha hifadhi na kibali cha uvuvi wa michezo ambacho huhesabiwa kwa siku, kisha huvua akiwa na mwongozaji au askari. Asiye na kibali akikutwa na ndoano ndani ya hifadhi huhesabiwa kuwa mvuvi haramu, hata kama hajapata kitu. Sangara mkubwa hurudishwa mtoni, na jambo hilo ni la haki kwa sababu samaki wa ukubwa huo ndio mama wenye mayai mengi kuliko wote. Katika Ziwa Viktoria, ambako sangara ni biashara kubwa, kanuni hutazama upande mwingine kwa kumkataza mvuvi kuchukua sangara aliye chini ya sentimita 50, na mtu anayetoka kuvua ziwani akapita Murchison asidhani kwamba kanuni za mahali pamoja zinamruhusu kila mahali.

Tanzania ndiyo inayohitaji maandalizi ya mapema zaidi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009 zinataka leseni kwa kila anayevua, na uvuvi wa michezo una leseni yake inayosimamiwa na wizara inayohusika na mifugo na uvuvi. Juu ya hiyo kuna suala la ardhi. Bonde la Kilombero lilitambuliwa mwaka 2002 kuwa eneo la ardhioevu lenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na mwaka 2023 sehemu ya lililokuwa Pori Tengefu la Kilombero ilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba. Kuingia pori la akiba bila idhini ni kosa, na maelezo yaliyoandikwa na wavuvi waliokwenda kabla ya badiliko hilo hayapaswi kutegemewa. Wageni wengi hufika kupitia makampuni yenye vitalu, yaani maeneo ya pori yaliyokodishwa, ambayo hushughulikia vibali vyote na kwa kawaida hurudisha kila taigafishi mtoni. Upande wa chini, katika Rufiji ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, mwenye mamlaka ni TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, na idhini ya kuvua lazima iulizwe kwao kabla ya safari, kwa sababu kibali cha kutazama wanyama si kibali cha kutupa ndoano.

Kuna haki nyingine isiyoandikwa kwenye leseni. Kilombero ina wavuvi wa vijiji ambao mto ni chakula chao na ada ya shule ya watoto wao, nao wanaujua mto huu kuliko mgeni yeyote. Mtalii anayepita na boti yenye injini juu ya nyavu zao, au anayewaita wote majangili, anawakosea heshima na anaharibu uhusiano ambao uhifadhi wa samaki hawa unautegemea. Kampuni inayoajiri waongozaji kutoka vijiji hivyo na kuchangia mapato yao ipewe upendeleo, hata ikiwa bei yake ni ya juu kidogo.

Vifaa na ujuzi

Kwa trauti inatosha fimbo nyepesi ya nzi bandia, ya namba nne au tano (namba ikikua, fimbo na mshipi wake huwa vizito zaidi), na kisanduku kidogo cha nzi, akiwemo yule mweusi maarufu wa mito hiyo aitwaye Kenya Bug. Vifaa vyote huingia katika begi la mgongoni. Ujuzi wa kutupa mshipi ndio unaochukua muda, na mwanzilishi anayeujifunza hapa hataujutia popote pengine.

Sangara anahitaji vifaa vizito: fimbo fupi yenye nguvu, rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) lenye breki ya kuaminika, mshipi wa kuhimili kilo 25 na zaidi, na kipande cha mwisho kisichokatika kwa kusuguliwa na mwamba. Chambo huwa samaki bandia mkubwa au samaki hai pale kibali kinaporuhusu. Mbinu yenyewe si ngumu, na mtu ambaye hajawahi kuvua anaweza kumpata sangara siku ya kwanza akiwa na mwongozaji mzuri. Kwa upande huo Murchison ina upole kuliko mito mingine miwili.

Kwa taigafishi jambo lisilo na mbadala ni kipande cha waya kati ya ndoano na mshipi, kwa kuwa bila waya kila shambulio ni chambo kilichopotea. Ndoano ziwe kali kiasi cha kukwaruza ukucha, na kijino chake kibanwe kwa koleo ili samaki aachiliwe haraka. Anayetumia nzi bandia achukue fimbo ya namba tisa, na ajizoeze kuvuta mshipi kwa mkono badala ya kuinua fimbo pindi samaki anapogusa, kwani fimbo ikiinuliwa ndoano huteleza juu ya mfupa.

Kumrudisha samaki ni ujuzi pia, na hapa joto la maji linarudi kudai haki yake. Trauti aliyeshikwa kwa mikono iliyolowa na kuachiwa katika maji baridi hupona upesi. Taigafishi na sangara hupigana katika maji ya vuguvugu, ambayo kwa kawaida hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, huchoka hadi kukaribia kufa, na wanahitaji kushikiliwa wakielekea mkondo mpaka wajiondokee wenyewe. Picha ya sekunde chache inatosha. Huko Murchison kazi hiyo ya kumshikilia samaki majini aachiwe mwongozaji, kwa sababu ya mamba.

Usalama, njia na gharama

Mamba na viboko wapo Murchison na wapo Kilombero, kwa wingi, na hakuna mvuvi mwenye busara anayeingiza miguu majini katika mito hiyo. Kuna pia mbung'o, malaria, na kichocho katika maji yaliyotulia ya ukingoni. Mlima Kenya na Aberdare hazina mamba katika sehemu za trauti, na mbu wa malaria ni wachache katika mwinuko huo, lakini msitu una tembo na nyati ambao hawaonekani hadi umewakaribia, kwa hiyo kutembea na askari ni lazima. Baridi ya Juni na Julai nayo huwashangaza watu wa pwani.

Kwa njia, Nyeri iko takriban kilomita 150 kutoka Nairobi kwa barabara ya lami, na mtu anaweza kwenda kwa matatu, kulala katika nyumba ya wageni na kuvua kwa siku mbili kwa fedha ya kawaida. Murchison iko takriban kilomita 300 kutoka Kampala kupitia Masindi, na gharama yake ni ya kati: kiingilio, kibali, boti na malazi. Kilombero ni ghali kuliko zote. Kutoka Dar es Salaam hadi Ifakara ni zaidi ya kilomita 400, treni ya TAZARA hufika Ifakara na Mlimba, lakini kutoka hapo hadi kambi za Mnyera na Ruhudji ni safari ya gari la porini au ndege ndogo, na kambi zenyewe huuza safari za wiki nzima.

Kulingana na hali yako

Anayeanza, au mwenye bajeti ndogo, au anayesafiri na watoto wakubwa wanaopenda kutembea, atapata uvuvi mwingi zaidi kwa shilingi yake kwenye mito ya trauti. Vivyo hivyo kwa anayetaka kula alichovua kwa halali, kwa kuwa hapa samaki ni wa kupandikizwa na leseni inamruhusu kuchukua wachache.

Mwenye siku tatu tu ambaye familia yake inataka kuona wanyama zaidi ya kukaa na fimbo aende Murchison. Anaweza kuvua alfajiri na jioni, na mchana akapanda boti na wenzake hadi chini ya maporomoko. Inamfaa pia anayetamani samaki mmoja mkubwa kuliko samaki wengi, mradi awe tayari kurudi mikono mitupu.

Mvuvi aliyekwisha kuijua fimbo yake, anayeweza kupanga miezi mingi kabla na kulipa wiki nzima, na ambaye likizo yake inaangukia kati ya Agosti na Novemba, hatapata mto mwingine wa Afrika Mashariki unaomfanyisha kazi kama Mnyera. Asiyeweza kulipa kiasi hicho aulize kuhusu Rufiji, ambako taigafishi ni wadogo zaidi lakini safari kutoka Dar es Salaam ni fupi.

Kwa anayepata likizo ya Aprili peke yake, Kilombero iondolewe kabisa katika orodha. Mito ya mlimani itakuwa na tope siku nyingi, ingawa ziwa la juu kama Ellis, upande wa Chogoria wa Mlima Kenya, lina trauti na halichafuki upesi kama mto, kwa mtu anayeweza kuvumilia mvua na baridi ya mita 3,500. Murchison inabaki inavulika kwa sababu Nile haiendi kwa mvua ya Aprili, lakini barabara za ndani ya hifadhi huteleza, kwa hiyo akodi gari la magurudumu manne na alale karibu na mto upande ule ule atakaovulia.